Cheni ya kinga (baiskeli) Lubumbashi: mafuta gani uchague, na uyatie vipi

Ukimwomba fundi wa baiskeli hapa Lubumbashi akutilie mafuta kwenye cheni, mara nyingi mkono wake utakwenda kwenye kopo la mafuta meusi yaliyomwagwa kutoka injini ya gari. Anachovya kitambaa, anapaka, kelele inakoma papo hapo, na mteja anaondoka ameridhika. Wiki chache baadaye cheni imefunikwa na tope jeusi, suruali imechafuka, na meno ya gia yameanza kuchongoka. Fundi simlaumu sana. Ameombwa aondoe kelele, na kelele ameiondoa. Kulinda cheni ni kazi nyingine.

Haya yafuatayo ni kwa mwenye kinga nzito ya chuma, ya gia moja, inayobeba magunia ya makala (makaa) au makatoni ya sokoni, na pia kwa mwenye baiskeli nyepesi yenye gia nyingi. Kanuni ni moja kwa wote wawili: mafuta yanatakiwa ndani ya cheni, na nje panatakiwa pakavu. Kinachobadilika ni aina ya mafuta, na hapo majira ya Katanga, eneo letu hili, yana sauti kubwa kuliko lebo ya chupa.

Cheni inalika wapi

Itazame kwa karibu. Kila kiungo kina vibamba viwili vya nje vilivyoshikwa kwa pini, vibamba viwili vya ndani, na katikati kuna rola, kile kipipa kidogo kinachoingia kati ya meno ya gia. Muundo huu ni wa siku nyingi. Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, aliuandikishia hataza mwaka 1880, na haujageuka sana tangu hapo. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, iwe cheni imetoka India, China au Japani. Upana ndio unaotofautiana: cheni za gia moja kwa kawaida zina nafasi ya ndani ya milimita 3.2 hivi, za gia nyingi 2.4 au chini ya hapo.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika. Kila ukikanyaga pedali, pini inajisugua ndani ya tundu lake. Pini inakonda kidogo, tundu linapanuka kidogo, na kwa kuwa cheni ina pini karibu mia au zaidi, vidogo hivyo vikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Kwa hiyo msuguano unaokula cheni uko mahali jicho lisipofika. Mafuta yanayong'aa juu ya vibamba yanazuia kutu kidogo. Zaidi ya hapo yanakamata vumbi tu.

Na vumbi letu si la mchezo. Udongo mwekundu wa huku una chembe za mchanga ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Zikichanganyika na mafuta mazito unapata kitu kama ile pasta ambayo makanika hutumia kusagia valvu za injini, isipokuwa makanika huifuta akimaliza. Kinga za makala zina shida ya ziada: unga mweusi unadondoka kutoka kwenye gunia hadi kwenye cheni. Mwenye mzigo akisukuma kwa miguu cheni haizunguki, imetulia tu, lakini inaendelea kupokea vumbi njia nzima. Ndiyo maana kinga ambayo "haikanyagwi sana" nayo inamaliza cheni.

Mafuta ya kiangazi

Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi haipati mvua ya maana. Barabara za udongo za Ruashi, Katuba na Annexe zinakuwa unga, na lori moja likipita vumbi halitui mapema. Wakati huu unataka kitu chepesi, kinachoingia ndani haraka na kuacha kidogo sana nje.

Mafuta ya cherehani yanafaa na yanapatikana kirahisi. Ni mepesi, masafi, na yanapenya yenyewe. Udhaifu wake ni kuisha mapema, kwa hiyo anayebeba mzigo kila siku atalazimika kuyarudia mara kwa mara. Kwa mwanafunzi au mtu wa ofisi mwenye baiskeli nyepesi yanatosha kabisa.

Mchanganyiko wa nyumbani ndio ninaoupendelea kwa kinga za kazi. Chukua kipimo kimoja cha mafuta mapya ya injini, yale ya kawaida ya 15W-40 au 20W-50, na vipimo vitatu vya mafuta ya taa. Tia kwenye kichupa chenye kifuniko, na ukitikise kila unapotaka kutumia. Mafuta ya taa yanayabeba mafuta ya injini hadi ndani ya pini, kisha yanakauka polepole na kuyaacha huko. Usijaribu kufanya hivyo kwa esansi (petroli). Mvuke wake unashika moto hata chombo kikiwa mbali na mbabula (jiko la makaa), na si kitu cha kuvuta puani.

Ziko pia chupa maalumu za kiangazi, ambazo ndani yake kuna nta iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka. Ukiipata na mfuko unaruhusu, nunua, lakini itie jioni na uendeshe asubuhi. Kimiminika kisipokauka kwanza, nta haijakaa mahali pake, na umetupa pesa.

Njia nyingine ya kiangazi, tena nzuri kuliko zote kwa mwenye subira, ni nta ya mishumaa. Nitaifikia baada ya kusafisha, kwa sababu bila usafi haifanyi kazi.

Mafuta ya mvua

Mvua zikishika, Novemba hadi Machi, mafuta mepesi yanaoshwa kwa safari moja. Hapo tumia mafuta mapya ya injini bila kuyachanganya, tone moja moja, au chupa maalumu ya majira ya mvua ukiwa nayo. Mafuta mazito yanashika uchafu zaidi, hilo halikwepeki, kwa hiyo utalipa kwa kupangusa cheni kila jioni. Aprili na Oktoba, siku zinapokuwa kavu kisha mvua ikashtukiza, changanya nusu kwa nusu na mafuta ya taa.

Vya kukataa

Mafuta yaliyotumika ya injini ni ya kwanza. Yana masizi na vumbi la chuma, yaani unapeleka kisagio mahali ulipotaka kulinda. Tena masizi ya injini yana kemikali zinazojulikana kuleta saratani, na anayeyashika kwa mikono mitupu miaka na miaka anajidhuru. Tatizo ni kwamba sokoni mafuta hupimwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo, na yaliyotumika huweza kuchujwa yakauzwa kama mapya. Kabla ya kulipa, omba tone moja juu ya karatasi nyeupe na usubiri dakika chache. Mafuta mapya yanaenea na kuacha doa la rangi moja linalopitisha mwanga. Yaliyotumika yanaacha kiini cheusi katikati na duara jepesi pembeni.

Mawese na mafuta mengine ya kupikia: siku mbili tatu cheni inanyamaza, kisha hewa inayageuza kuwa gundi. Kuitoa gundi hiyo ni kazi kubwa kuliko kutoa kutu.

Grisi ni ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na mhimili wa pedali. Juu ya cheni iliyokwisha kuunganishwa haiingii ndani, inabaki nje kulea mchanga. Cheni mpya huja na grisi yake ya kiwandani, lakini hiyo iliingizwa ndani huko huko. Iache, usiifue kwa mafuta ya taa. Pangusa sehemu ya nje tu ikiwa inanata.

Lile kopo la kawaida la WD-40 linasaidia kufukuza maji na kulegeza kutu, ila sehemu yake kubwa inakauka na kupotea. Ukilipuliza, pangusa, kisha tia mafuta ya kweli. Kulitumia peke yake ni kuosha hata yale mafuta machache yaliyokuwa yamebaki.

Ukipeleka kinga kwa fundi, beba kichupa chako na umwambie kwa heshima: "Papa, mafuta nimekuja nayo." Mafundi hawakatai.

Kusafisha

Kuna usafi wa kila mara na usafi wa kina. Wa kila mara ni rahisi: shika kitambaa kikavu kuzunguka cheni ya chini, zungusha pedali kinyumenyume, acha cheni ipite ndani ya kiganja hadi kitambaa kisitoe weusi mwingi. Kinga yenye breki ya kukanyaga nyuma haizunguki kinyumenyume. Ipindue miguu juu na uzungushe kwenda mbele, polepole, vidole vikiwa mbali na meno ya gia. Vidole vingi vimeumia hapo.

Usafi wa kina unahitajika cheni ikiwa imeganda tope, au unapohama kutoka mafuta mazito ya mvua kwenda mepesi ya kiangazi. Itoe cheni. Kwenye gia moja tafuta kiungo chenye klipu, kile kibamba chembamba chenye umbo la samaki, ukisukume kwa koleo hadi kiteleze. Jihadhari kisiruke, kikipotea mchangani hukioni tena. Ingiza cheni kwenye kopo la plastiki lenye mdomo mpana, mimina mafuta ya taa yaifunike, funga, tikisa dakika mbili tatu, iache ilowe, tikisa tena. Mimina yale machafu kwenye chombo kingine, rudia na mapya kidogo. Mzunguko wa pili au wa tatu yatatoka karibu meupe. Kazi hii ifanyie nje, mbali na moto na mbali na anayevuta sigara.

Mafuta ya taa machafu usiyamwage. Yaache usiku mzima, uchafu utatua chini, na ya juu utayatumia tena kwa usafi ujao. Tope linalobaki lifunge kwenye matambara. Nyumba nyingi za mtaani zinakunywa maji ya kisima cha uani, na kinachomwagwa karibu na kisima kinarudi kwenye ndoo.

Baada ya hapo ioshe cheni kwa maji ya moto na sabuni ya unga, isuuze, ifute, uianike juani. Usiilaze usiku ikiwa haina mafuta: chuma kitupu majira ya mvua kinaamka na kutu. Wakati inakauka, chokonoa uchafu kwenye meno ya gia kwa kijiti, mbele na nyuma. Baiskeli za gia nyingi zina magurudumu mawili madogo ya plastiki nyuma. Huko ndiko uchafu unakojificha. Cheni safi juu ya gia chafu inachafuka siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu wale wanaoosha magari kwa pampu ya nguvu: usiwape kinga yako. Maji ya msukumo yanapenya kwenye habu na kwenye mhimili wa pedali, yanafukuza grisi, na huko huwezi kutia mafuta bila kufungua kila kitu.

Kutia mafuta, tone kwa tone

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kumwaga. Tafuta kitu cha kudondoshea: bomba la sindano la duka la dawa bila sindano yake, au kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha na kuoshwa. Chupa yenye mdomo mpana haifai.

Simamisha kinga, iegemeze. Cheni ya chini ina upande wa ndani, unaotazama juu na kugusa meno, na upande wa nje unaotazama ardhi. Mafuta yanatiwa upande wa ndani, kwa sababu cheni ikizunguka inayasukuma kuelekea nje, hivyo yanalazimika kupita katikati ya pini na rola. Ukiyatia kwa nje yanaruka moja kwa moja kwenye madigadi.

Anzia kwenye klipu ili ujue ulikoanza. Kwa cheni ya gia nyingi isiyo na klipu, weka alama ya chaki kwenye kiungo kimoja. Dondosha tone moja juu ya kila rola, ukilenga mianya ya pembeni ambapo vibamba vya ndani na vya nje vinakutana. Tone moja, si mawili. Sogeza cheni kidogo, dondosha, sogeza. Ni matone mia moja hivi na ni kazi ya dakika kumi; redio ikiwa karibu utamaliza bila kuchoka.

Ukirudi kwenye klipu, zungusha pedali mara ishirini au thelathini, polepole, ili mafuta yaingie. Kisha iache. Mafuta ya cherehani na ya injini yanataka kama dakika ishirini, mchanganyiko wenye mafuta ya taa ni bora ulale hadi asubuhi.

Halafu futa. Na hapa nasisitiza, kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu: futa kama vile unataka kuondoa mafuta yote uliyotia. Huwezi kuyafikia ya ndani, usiogope. Vibamba vya nje vikiguswa kwa kidole, kidole kirudi karibu kikavu. Kikirudi cheusi, endelea. Fanya hivyo tena baada ya safari ya kwanza, maana mafuta mengine yatakuwa yametoka nje.

Chunga rimu. Breki zetu nyingi zinabana rimu kwa mpira, na tone moja la mafuta hapo ukiwa na magunia mgongoni mwa kinga ni hatari ya kweli. Likidondoka, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, osha kwa sabuni, kausha, jaribu breki kabla ya kutoka uani. Mwenye breki za diski afunike diski kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuanza.

Nta ya mishumaa

Kwa jinsi umeme unavyokatika, hakuna duka la mtaani lisilo na mishumaa. Chagua myeupe ya kawaida, isiyo na rangi wala manukato. Cheni lazima iwe imepitia usafi wa kina hadi mwisho, kwani nta haishiki palipo na mafuta.

Weka sufuria ya maji juu ya mbabula, na ndani yake kopo la bati lenye mishumaa iliyovunjwavunjwa, nyuzi zake zimetolewa. Usiweke kopo la nta moja kwa moja juu ya makaa. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi joto 100, na kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 na ushei hayafiki hata hapo, kwa hiyo nta inayeyuka bila hatari ya kushika moto. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 65 hivi.

Ning'iniza cheni kwenye waya, izamishe. Utaona mapovu: ni hewa inayotoka ndani ya rola huku nta ikichukua nafasi yake. Itikise taratibu kama dakika kumi, hadi mapovu yaishe. Kisha toa kopo kwenye maji, subiri nta ianze kufanya utando juu, ndipo uivute cheni. Ukiivuta ikiwa ya moto sana, nta nyingi inachuruzika na kurudi koponi.

Ikipoa itakuwa ngumu kama kipande cha waya mnene. Ikunje juu ya bomba au mpini wa jembe, kiungo kwa kiungo, hadi ilegee, na nta ya nje itapukutika. Cheni ya namna hii ni kavu kabisa, haichafui nguo, na vumbi jekundu haliipendi. Nta iliyobaki igande koponi kwa safari nyingine. Ila ujue mambo mawili. Usiongeze mafuta juu ya nta, kwa sababu yatailegeza na kuitoa. Na mvua ya kwanza ya Oktoba ikikupata njiani, kausha cheni siku hiyo hiyo na urudi kwenye mafuta, maana nta ikishatoka, kutu haisubiri.

Mara ngapi

Sikiliza cheni, usihesabu siku. Cheni yenye mafuta karibu haisikiki. Ikianza kuchakacha kwa ukavu, umechelewa kidogo, na ikianza kulia umechelewa sana. Kwa kinga ya kazi, kiangazi, mara moja kwa wiki ni wastani mzuri. Wakati wa mvua ni kila ilipolowa: pangusa maji, iache ikauke, tia mafuta usiku huo. Usiongeze mafuta mapya juu ya tope la zamani, unalisukuma ndani.

Kupima, kukaza, na klipu

Mafuta mazuri yanachelewesha mwisho wa cheni, hayauondoi. Chukua rula ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 hadi katikati ya pini ya 25. Cheni mpya itasoma sentimita 30.48. Kwenye gia nyingi, ikifika karibu 30.7 ibadilishe, zile za kisasa zenye gia kumi na moja nyuma au zaidi, mapema kuliko hapo, 30.63. Kwenye gia moja unaweza kungoja hadi 30.8. Ukizidisha, cheni ndefu inachonga meno ya gia, na siku ukifunga cheni mpya itaruka juu ya meno yaliyochongoka. Hapo unanunua na gia pia.

Unapoirudisha cheni ya gia moja, klipu ina upande wake. Ncha iliyozibika itazame kule cheni inakokwenda: cheni ya juu ikiwa inaelekea mbele, ncha iliyozibika iwe mbele na mdomo uliopasuka uwe nyuma. Ukiigeuza, kitu chochote kikigusa mdomo ule kinaweza kuing'oa. Klipu iliyolegea usiikaze kwa nyundo, nunua nyingine.

Mwisho vuta gurudumu la nyuma hadi cheni, ukiibonyeza katikati ya upande wa chini, icheze juu na chini kwa sentimita moja hivi au moja na nusu. Zungusha pedali kidogo kidogo na upime tena kila mahali, kwa kuwa gia ya mbele mara nyingi si duara kamili na cheni iliyolegea hapa inaweza kuwa imekaza kule. Rekebisha kwa pale inapokaza zaidi, hakikisha gurudumu limenyooka katikati ya fremu, ndipo ukaze nati za pande zote mbili.